Mistari Miwili ya Kipimo cha Figo

Karatasi ya maabara ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema 19, wa pili 22. Mbele ya 19 paliandikwa kwamba hicho ni kiwango cha mtu asiye Mmarekani Mweusi, na mbele ya 22 kwamba ni cha Mmarekani Mweusi. Damu ilikuwa ileile, imetolewa mkono mmoja, imeingia kichupa kimoja, asubuhi moja. Nilichukua kalamu yangu ya bluu, nikaizungushia duara ile 22, nikamwambia mzee aliyekaa mbele yangu, "Hii ndiyo yako."

Ilikuwa Machi 2018, katika kliniki ya figo ya hospitali moja nchini Marekani, ambako nilikuwa muuguzi. Mzee alikuwa na miaka 61, dereva wa basi aliyeacha kazi kwa ajili ya ugonjwa, mtu wa kuvaa kofia na kuivua kila anapopita mlangoni. Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Binti, figo zangu zimejuaje kwamba mimi ni mweusi?"

Nilimpa jibu nililofundishwa nilipoanza kazi pale. Nikamwambia ndivyo hesabu inavyofanywa, kwa sababu watu weusi kwa kawaida wana misuli mingi zaidi. Hakubishana. Alivuta mkono wa sweta lake mpaka kwenye kiwiko, akautazama mkono wake. Ngozi ilikuwa imelegea juu ya mfupa, na saa ilikuwa inamzunguka kwenye kifundo. Akaushusha mkono wa sweta polepole, akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

Mkono ule sijausahau mpaka leo.

Nieleze hesabu yenyewe, kwa maana kila kitu kilichofuata kinatoka hapo. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo ndizo zinazoitoa mwilini. Figo zikidhoofika, kreatinini hubaki nyingi kwenye damu. Maabara hupima kiasi hicho, kisha fomula huchukua umri na jinsia ya mgonjwa na kukadiria figo zinafanya kazi kwa kiwango gani. Fomula iliyokuwa ikitumika zaidi, ya mwaka 2009, ilikuwa na kipengele kimoja cha ziada: kama mgonjwa ni mweusi, zidisha jibu kwa 1.159. Yaani figo za mtu mweusi zilihesabiwa kuwa na nguvu zaidi kwa asilimia 16 hivi kuliko damu yake yenyewe ilivyoonyesha. Ile ya mwaka 1999 iliyoitangulia ilizidisha kwa zaidi ya hapo. Hakuna aliyempima mtu misuli. Rangi ilitoka kwenye fomu ya mapokezi, na mara nyingine hata mgonjwa hakuulizwa. Aliyekaa kwenye kompyuta alimtazama usoni akachagua.

Usiku ule nilikaa mezani nikaikokotoa mwenyewe. Kreatinini yake ilikuwa 3.3. Bila rangi, 19. Kwa rangi, 22. Tofauti ya tatu inaweza kuonekana ndogo mpaka ujue kwamba Marekani mgonjwa ambaye bado hajaanza kusafishwa damu huanza kuhesabiwa muda wa kusubiri figo ya kupandikizwa pale kipimo chake kinapofika 20 au kushuka chini yake. Muda huo ndio mali ya mgonjwa. Aliyesubiri zaidi ana nafasi kubwa zaidi, na wengi husubiri miaka. Kwa mstari wa kwanza, yule mzee alikuwa ameshafuzu kuingia kwenye foleni. Kwa mstari niliouzungushia duara mimi, alikuwa bado. Aliingia Novemba 2019, na miezi michache baadaye figo zikagoma kabisa, akaanza kuunganishwa na mashine mara tatu kwa wiki.

Ningependa kusema kwamba kesho yake niliingia kazini nikapiga kelele. Sikufanya hivyo. Nilimuuliza daktari bingwa mmoja, mtu niliyemheshimu na ninayemheshimu bado, akaniambia fomula ilitokana na utafiti, na kwamba wastani wa makundi ndio ulioonyesha hivyo. Nikanyamaza. Nilinyamaza zaidi ya miaka miwili, na katika miaka hiyo nilizungushia duara karatasi nyingi ambazo siwezi kuzihesabu.

Sababu ya kwanza ilikuwa hofu ya kazi. Nilikuwa mgeni, kibali changu kilifungwa na ajira yangu, na nyuma yangu kulikuwa na watu waliokula kwa mshahara ule. Sababu ya pili ni nzito zaidi kuisema. Sisi Waafrika tuliohamia kule tuna maneno tunayoambiana tukiwa peke yetu: sisi tumekuja kutafuta maisha, mambo ya Weusi wa hapa na Wazungu wao ni mambo yao. Nimeyasikia kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye magari tukirudi kanisani. Na mimi nimeyasema. Nilidhani lafudhi yangu ilikuwa kinga, kwamba mtu akinisikia nikizungumza ataniweka kwenye kundi jingine.

Halafu nikapimwa afya kazini, kipimo cha kawaida cha kila mwaka. Karatasi yangu ikarudi na mistari miwili. Fomula haikuwa na nafasi ya kuandika nilizaliwa wapi wala babu yangu aliitwa nani. Iliona kile alichoona mtu wa mapokezi.

Mwaka 2020 ulipoingia na korona, kliniki zilifungwa, tukagawanywa wodini. Nililetewa mgonjwa mmoja, baba wa makamo, mweusi sana, mweusi kama mjomba wangu. Kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni 93. Kwa mwongozo tuliokuwa nao, 93 ni mtu wa kuangaliwa, si mtu wa kukimbiliwa. Lakini alikuwa anapumua mara 30 kwa dakika, na hakuweza kumaliza sentensi. Alianza kuniambia jina la mke wake akakatika katikati, akavuta pumzi, akaanza upya. Nikabadilisha kidole. 93. Nikabadilisha kifaa. 94. Nikampigia daktari wa zamu, akasema namba ni nzuri, tuendelee kumwangalia.

Nilisimama pale kitandani nikiwa na simu mkononi, nikakumbuka ule mkono wa sweta. Nikampigia tena. Nikamwambia, "Daktari, naomba apimwe damu ya ateri. Siamini hiki kifaa." Sijui ilikuwa sauti yangu au uchovu wake, akakubali. Damu ilirudi na oksijeni 86. Mtu alikuwa anazama mbele yetu, na mashine inatuambia anaogelea.

Desemba mwaka ule watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo yaliyoeleza nilichokiona. Walilinganisha kifaa cha kidoleni na damu ya ateri, wakakuta kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakiuoni ulitokea kwa wagonjwa weusi asilimia 11.7 na kwa wagonjwa weupe asilimia 3.6. Takribani mara tatu. Kifaa hupitisha mwanga kwenye ngozi, na ngozi nyeusi hunyonya sehemu ya mwanga huo. Kilichonikata maini ni kwamba tofauti hiyo ilikuwa imeshaandikwa kwenye jarida la kitabibu tangu mwaka 1990. Miaka 30 nzima watu walikuwa na habari hiyo, na hakuna aliyeniambia mimi ninayekivisha kifaa kidoleni.

Katikati ya hayo ndipo George Floyd, mtu mweusi, alipouawa na polisi, Minneapolis, tarehe 25 Mei. Wiki mbili hazikuisha kabla wahudumu wa hospitali nyingi, na sisi tukiwemo, hatujatoka nje na nguo za kazi tukapiga goti kwa dakika 8 na sekunde 46, muda uliotajwa wakati ule kwamba polisi alimkandamiza shingo kwa goti. Nililia. Wenzangu wengi walilia, weupe kwa weusi. Sitadharau siku ile, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuwaona watu niliofanya nao kazi miaka mingi wakilitaja neno ubaguzi kwa sauti. Lakini Jumatatu niliporudi kliniki nilichapisha majibu ya maabara, na mistari ilikuwa bado miwili. Nikasema moyoni, goti tumepiga, na hii karatasi je?

Waliokuwa mbele yetu katika jambo hili ni wanafunzi wa udaktari, na ni haki kulisema. Tangu Desemba 2014, baada ya vifo vya Michael Brown na Eric Garner, weusi wawili waliouawa na polisi, wanafunzi katika vyuo zaidi ya 70 vya udaktari walilala sakafuni na makoti yao meupe, na kutoka hapo ukazaliwa umoja wa White Coats for Black Lives. Wanafunzi ndio waliokuwa wakinyoosha mikono darasani kuuliza kwa nini rangi imo kwenye hesabu ya figo. Hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston ilikuwa imeshaiondoa mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Washington kikaiondoa 2020. Kwetu alikuwepo mwanafunzi mmoja, kijana wa kike mwenye daftari la jalada jekundu, aliyekuja kukaa nami mapumziko ya mchana akaniuliza swali lilelile la mzee. Safari hii sikumjibu habari za misuli. Nilimwambia, "Nimekungoja."

Tukawa watatu: yeye, mimi, na mfamasia mmoja mtaratibu ambaye hapo kabla sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Tuliandika barua kwa kamati ya maabara, tukapewa nafasi ya dakika 15 mwezi Julai.

Nilikwenda na nakala za karatasi 12, majina yamefunikwa, kila moja ikiwa na mstari mmoja juu ya 20 na mwingine chini yake au sawa nayo. Nilizipanga mbele ya kamera moja moja. Sikutoa hotuba. Nilikuwa nimekaa na hasira kwa wiki nzima, na mfamasia ndiye aliyenishauri niiache nyumbani. "Karatasi zina hasira ya kutosha," aliniambia, na nadhani hilo ndilo shauri bora nililopewa katika mambo yote haya.

Daktari mmoja pale alitoa hoja ambayo ningeipuuza kama nisingejiandaa. Alisema tukiondoa kizidisho, wagonjwa weusi wengi watahesabiwa kuwa wagonjwa zaidi. Wapo watakaopunguziwa dozi za dawa wanazozihitaji, hata za saratani. Wapo watakaokataliwa kuwatolea figo ndugu zao. Je, hatuwaumizi wale tunaotaka kuwasaidia? Ni swali la haki. Hakuuliza kwa ubaya. Mfamasia wetu ndiye aliyejibu, akipitia dawa baada ya dawa, akionyesha ni ipi kweli inahitaji uangalifu na njia gani nyingine ya kupima ipo, kama kipimo cha sistatini C, ambacho hakitegemei misuli kwa kiasi kile. Tangu siku ile sina imani na mwanaharakati yeyote wa afya, nikiwemo mimi, anayekwenda kwenye kikao bila kusoma hoja ya upande wa pili mpaka mwisho. Wagonjwa ndio watakaolipa gharama ya kosa letu.

Kamati ikasema italifikiria.

Wiki ile nilikwenda kitengo cha kusafisha damu kumjulia hali mzee. Alikuwa kwenye kiti chake, mkono umeunganishwa mirija miwili, damu yake inazunguka kwenye mashine. Nikakaa kwenye kiti cha pembeni nikamweleza kila kitu kwa furaha: barua, kikao, karatasi 12. Nikamwambia ya kwanza ilikuwa yake, jina nimelifunika vizuri. Nilitegemea atafurahi.

Alinyamaza mpaka mashine ikalia, muuguzi akaja kuirekebisha, akaondoka. Kisha akasema, "Umelifunika jina langu."

Nikasema ndiyo, kwa ajili ya siri ya mgonjwa.

"Ungeniuliza," akasema. "Ningekuja mwenyewe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kanuni za usiri sikuzivunja, hilo nilikuwa na uhakika nalo. Lakini nilimchukua mtu, nikamgeuza mfano, nikambeba mezani kama karatasi, kisha nikaja kumletea habari kama zawadi. Mstari wa pili ulikuwa umeamua mwili wake ukoje bila kumuuliza. Na mimi, kwa nia njema, nilikuwa nimesema kwa niaba yake bila kumuuliza. Nilimwomba radhi. Hakuniambia "si kitu". Aliniambia kikao kijacho nimwambie ni saa ngapi.

Kilikuwa Septemba. Kwa sababu ya korona alihudhuria kwa video akiwa nyumbani kwa binti yake, amevaa suti na tai, kofia ameiweka mezani mbele yake. Alipewa dakika tano, akatumia tatu. Alisema ameendesha basi miaka 28, na kwamba basi lina kioo kimoja cha kasi. Akauliza, "Ningewaletea karakana basi lenye mishale miwili ya kasi, mmoja wa kusomwa nikibeba abiria weupe na mwingine nikibeba abiria weusi, mngeniacha nitoke nalo barabarani?"

Hakuna aliyejibu. Hata mwenyekiti alisahau kumshukuru, akakumbuka baadaye.

Uamuzi haukutoka siku ile. Kamati ilisema tusubiri, kwa kuwa vyama vya kitaifa vya wataalamu wa figo vimeunda jopo la kulichunguza suala hili nchi nzima. Tukasubiri mwaka mzima. Katika kusubiri huko mambo madogo yalitokea. Kiongozi mmoja aliniita akaniambia mimi ni muuguzi mzuri, nisijiharibie jina. Wenzangu wawili waliacha kukaa nami wakati wa chakula. Mmoja wao alirudi baadaye, mwingine hakurudi. Sikufukuzwa wala sikushushwa cheo, na ninajua wapo waliopata makubwa kuliko hayo, kwa hiyo sitayakuza.

Ndipo nilipoanza kusoma historia ya kazi yangu mwenyewe, ambayo chuoni hatukufundishwa. Nikakutana na muuguzi Eunice Rivers. Kwa miaka 40, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wa jimbo la Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, ili kuona ugonjwa utawafanya nini. Waliambiwa wana "damu mbaya". Penisilini ilipokuja na kuwa tiba inayojulikana, hawakupewa. Rivers alikuwa muuguzi mweusi, na ndiye aliyewaunganisha na watafiti. Aliwapitia majumbani, akawabeba kwa gari kwenda kupimwa, akakaa na familia zao walipofiwa. Walimpenda. Kwa kila ninachosoma, na yeye aliwapenda.

Nilimsoma usiku mmoja nikashindwa kulala. Ningekuwa na nafuu kama angekuwa mkatili. Alikuwa mpole, mwaminifu, anayefika kwa wakati, anayejaza daftari vizuri, yaani kila sifa niliyopewa mimi kwenye tathmini zangu za kazi. Sitaki kumhukumu. Mwanamke mweusi wa Alabama wa miaka ile, chini ya madaktari weupe wa serikali, angesema nini na kwa nani? Lakini nilijua kwamba ule upole wangu wa kumzungushia mzee duara ulikuwa jamaa ya upole wake.

Aliyeuvunja ule ukimya alikuwa Peter Buxtun, mfanyakazi wa kawaida wa idara ileile huko San Francisco, kazi yake ikiwa kuwatafuta watu wenye magonjwa ya zinaa ili watibiwe. Hakuwa daktari. Alianza kulalamika kwa maandishi mwaka 1966, akapuuzwa, akalalamika tena, na mwishowe akazipeleka habari kwa mwandishi. Zilipochapishwa Julai 1972, jaribio lile halikumaliza mwaka.

Wengine niliowasoma nao walikuwa na karatasi mkononi. Wendy Orr, daktari kijana mweupe wa Port Elizabeth, Afrika Kusini, mwaka 1985 alikuwa akiwapima wafungwa waliowekwa kizuizini na polisi wa utawala wa ubaguzi. Aliona majeraha yaleyale yakirudi mwili baada ya mwili, akayaandika, kisha akaenda mahakamani na alichokiandika, na mahakama ikawazuia polisi kuwapiga. Mona Hanna-Attisha, daktari wa watoto wa Flint, Michigan, mji ambao wakazi wake wengi ni weusi, alichukua majibu ya damu ya watoto yaliyokuwa tayari kwenye kompyuta za hospitali, akaonyesha mwaka 2015 kwamba madini ya risasi katika damu yao yamepanda tangu mji ubadilishiwe chanzo cha maji. Wakuu wa jimbo walimpinga kwanza, kisha wakakiri.

Nilipowaza juu ya hao wote, nikaacha kujiuliza lile swali ambalo wenzangu wengi bado huniuliza, kama muuguzi anatakiwa kuingia kwenye harakati. Ushahidi wa ubaguzi katika tiba hupita mikononi mwetu kila siku, kwa mwandiko wetu. Sisi ndio tunaofunga kifaa kidoleni, tunaosoma namba, tunaoandika kwamba mgonjwa "halalamiki maumivu". Mwaka 2016 utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanafunzi weupe na madaktari weupe walio mafunzoni walioulizwa waliamini angalau jambo moja la uongo kuhusu miili ya weusi, kwa mfano kwamba ngozi yao ni nene zaidi, na walioamini hivyo walikadiria maumivu ya mweusi kuwa madogo. Nani anakaa karibu na yale maumivu kuliko sisi? Mwaka 2023 wanawake weusi Marekani walikufa kwa sababu za uzazi kwa kiwango cha 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000, na weupe 14.5. Kila mmoja wao alikuwa na faili, na kwenye faili kuna saini ya mtu kama mimi.

Siku hizi nikipata muuguzi mpya wa kumfundisha, simwambii aende maandamano, ingawa akienda naenda naye. Namwambia achague karatasi moja anayoijaza kila siku aisome kama hajawahi kuiona. Ajiulize kila kisanduku kimewekwa na nani na kwa nini. Na kabla hajampelekea mkubwa yeyote alichokiona, akakae kwanza na mgonjwa ambaye karatasi inamhusu, amuulize anataka nini.

Jopo la kitaifa lilitoa uamuzi wake Septemba 2021: rangi iondolewe, itumike fomula mpya isiyo na rangi kwa watu wote. Maabara yetu ilibadilika kabla mwaka haujaisha. Mstari ukawa mmoja. Mwanafunzi wetu wakati huo alikuwa ameshahitimu akaenda jimbo jingine. Nilimtumia picha ya karatasi tupu yenye mstari mmoja, akanijibu kwa alama za machozi, mstari mzima wa simu.

Lakini miezi iliyopotea ilikuwa bado imepotea. Hilo lilishughulikiwa Januari 2023, pale mtandao wa kitaifa wa upandikizaji ulipozitaka hospitali zote kupitia orodha zao, kuwatafuta weusi waliocheleweshwa na fomula ya zamani, na kuwarudishia muda wao. Hadi mapema 2024, zaidi ya watu 14,000 walikuwa wamerudishiwa muda, wastani wa miaka miwili kila mmoja. Miaka miwili, kwenye foleni ambayo watu hufia humo.

Kwa kila mgonjwa ilibidi tupate kipimo cha zamani kinachothibitisha tarehe. Nilipewa sehemu ya kazi hiyo, nikaifanya jioni nyingi baada ya zamu. Wengine niliwakuta kwenye kompyuta kwa dakika kumi. Wengine majina yao yalikuwa na alama ya kufariki, nikayafunga mafaili yao taratibu, nikikaa kidogo kabla ya kufungua jingine.

Jibu la mzee la 2018 sikulipata. Alikuwa bado anasubiri, bado kwenye mashine, lakini maabara tuliyoitumia 2018 mkataba wake ulikuwa umekwisha, na majibu ya miezi ile hayakuhamishwa kwenye mfumo mpya. Nilitafuta siku tatu. Nikampigia simu kumwambia ukweli, kwamba najua alikuwa na 19 lakini sina cha kuonyesha.

"Karatasi ipi?" akauliza. "Ile ya misuli?"

Akaja nayo kesho yake, kabla ya kuunganishwa. Alivua kofia mlangoni. Karatasi ilikuwa ndani ya bahasha, imekunjwa mara nne vilevile, mikunjo imeanza kuachana. Aliikunjua juu ya meza yangu akailaza kwa viganja vyote viwili. Wino wangu wa bluu ulikuwa haujafifia hata kidogo, duara kuzunguka 22. Juu yake, pasipoguswa na kalamu, palikuwa na 19, na pembeni tarehe. Nilihesabu kutoka hapo hadi Novemba 2019, akihesabu nami kwa vidole, na tulipofika 20 akaniambia nihesabu tena, kwa sauti.